Mtambo wa Rossi: muulizeni aliyepima

Tangu niutaje E-Cat, mtambo wa Mwitaliano Andrea Rossi anayedai unatoa joto jingi kuliko umeme unaoingia, barua hazijakoma. Wengi mnabishania jaribio la Lugano, Uswisi, la 2014.

Wataalamu sita walipima kwa siku 32 wakatia sahihi. Sisi ni nani tuwabishie? (Mwalimu, Kasarani)

Mwalimu, ripoti huandikwa ili ibishiwe. Walisema joto lililotoka lilikuwa mara 3.2 hadi 3.6 ya umeme ulioingia. Lakini hawakulipima kwa maji, yaani kuona joto hilo linapasha maji kiasi gani, njia ambayo hata wanafunzi wako wanaijua. Walitumia kamera ya joto iliyoelekezwa kwenye ganda la mtambo, la alumina (aina ya kauri). Kamera hiyo hupokea mnururisho wa joto, kisha inakokotoa nyuzi kwa kutegemea emisiviti unayoiingiza, yaani kiwango cha uso ule kutoa mnururisho. Kwa alumina yenye moto mkali, kiwango hicho ni kama 0.4 ukijumlisha mawimbi yote, ila katika mawimbi ambayo kamera inayaona hupita 0.9. Waliingiza ile ndogo. Basi kamera ikadhani uso ule una moto kuliko ulivyokuwa. Wakosoaji walipokokotoa upya, nyuzi 1400 zilishuka hadi karibu 800, na faida yote ikakaribia kuyeyuka.

Kinachoniudhi zaidi ni jaribio la mtambo mtupu, usio na fueli. Waliuwasha hadi nyuzi 450 hivi tu, kwa hiyo kamera haikuwahi kuhakikiwa kwenye moto wenyewe unaobishaniwa.

Na majivu ya fueli je? Nikeli iliyokuwa ndani yake, karibu yote ilikuwa imegeuka nikeli-62, aina moja tu ya nikeli. Hapo kamera haihusiki. (Mwanafunzi, Juja Road)

Hoja nzito hiyo, maana aina moja ya nikeli haigeuki nyingine bila mmenyuko wa nyuklia. Kwa kawaida nikeli-62 haifiki hata asilimia 4 ya nikeli. Lakini ripoti yenyewe inasema Rossi alishiriki kutia fueli na kutoa majivu, na nikeli-62 huuzwa. Simshtaki kwa lolote. Nasema tu kwamba sampuli iliyopita mikononi mwa mdai haiwezi kumtetea. Tena vipimo havikuona mnururisho wa nyuklia kupita ule wa kawaida wa mazingira.

Wazungu wale walimlipa mamilioni. Pesa hutupwa hivyo? (Mfanyabiashara, Eastleigh)

Hutupwa sana, ndugu yangu. Kampuni ya Industrial Heat ya Marekani ilimlipa dola milioni 11.5. Mwaka 2016, baada ya jaribio la takriban mwaka mzima huko Florida, Rossi aliishtaki akidai milioni 89 zaidi. Mwaka 2017 wakapatana, na mahakama haikuamua kama mtambo unafanya kazi.

Nikiuliza, shemeji yangu ananiita kibaraka wa kampuni za mafuta. Nimjibuje? (Mama wawili, Umoja)

Dada, ukibaraka mwachie. Muulize joto lilipimwaje, na asipojibu muulize tena. Nawe usimwite Rossi tapeli mbele yake, maana mtabishana kuhusu tabia ya mtu hadi chai ipoe, na hesabu ya kamera ingebaki na kasoro hata angekuwa malaika.

Vile visanduku vya kupunguza stima vinavyouzwa mjini, vinafaa? (Fundi, Kawangware)

Kwa nyumba ya kawaida, hapana. Ndani huwa na kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme kwa muda) na taa ndogo, ilhali mita yako inahesabu kilowati-saa, ambazo kapasita haipunguzi.