Kamera ya usiku getini: 8MP au 4MP?

Ukichagua kati ya kamera ya 8MP na ya 4MP (MP ni megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vya picha), chukua ya 4MP, mradi sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, iwe ya inchi 1/1.8. Kama 8MP uliyoonyeshwa dukani ina sensa ya 1/2.8, hiyo ni ndogo zaidi: pikseli zimebanana, kila moja inapata mwanga kiduchu, usiku picha inajaa chenga. Angalia na lenzi pia. Namba ya F ni ukubwa wa tundu la lenzi, na ikiwa ndogo tundu ni kubwa: F1.0 inapitisha mwanga mara 4 ya F2.0. Sensa na namba ya F huandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Muuzaji akikuambia tu "inaona mita 50", hajakujibu.

Ukishaifunga, ingia kwenye mipangilio uweke shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila picha) 1/50 ya sekunde. Ikiachwa otomatiki, gizani shata inaweza kuwa ya polepole sana, na mtu anayetembea anabaki kivuli kilichovutika, uso hausomeki. Umeme wetu Uganda ni wa 50 Hz, kwa hiyo 1/50 haileti mistari ya kumetameta kwa taa kwenye picha.

Infraredi (mwanga wa kamera wa kuonea gizani) ya 850 nm hufika mbali kuliko ya 940 nm, ila utaona vitone vyekundu kwenye kamera. Usiifunge kamera karibu na ukuta mweupe au chini kabisa ya paa: mwanga unarudi, ukuta unang'aa, geti linabaki jeusi. Utando wa buibui mbele ya lenzi unafanya vivyo hivyo.

Kamera zinazotoa picha ya rangi usiku ni nzuri, lakini zinategemea taa. Umeme ukikatika na taa ya geti imezimika, bila taa yake yenyewe na betri hupati kitu. Na msimu wa nsenene (panzi wanaofuata taa), taa nyeupe itawavuta mbele ya kamera na kukuletea arifa usiku kucha.