Senta asiyefunga pointi nyingi anadumuje NBA, ligi ya kikapu ya Marekani?

Swali: Nina miaka 19, urefu mita 2.01, nacheza senta, yule mrefu wa karibu na ringi, kwenye mpira wa kikapu. Kocha ananiambia nimwangalie Bismack Biyombo. Mbona pointi zake ni chache hivyo? Na mimi nianzie wapi?

Jibu: Kocha wako hajakosea. Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa wa 7 kuingia NBA mwaka 2011, na kwa mita 2.03 ni mfupi kwa senta wa ligi ile. Mikono yake ni mirefu mno, sawa, lakini mikono peke yake haimweki mtu kazini zaidi ya misimu 10. Mei 2016, Toronto ilipoifunga Cleveland 99–84, alidaka ribaundi 26, yaani mipira iliyokosa ringi, na kufunga pointi 7 tu. Pointi ni chache kwa sababu kazi yake ni kudaka na kulinda. Miezi michache baadaye Orlando ikampa mkataba wa miaka 4, wa zaidi ya dola milioni 60.

Anza na kumziba mpinzani. Mpira ukishatoka mkononi mwa mtupaji, achana nao kwanza. Mtafute mtu wako, mguse kwa mkono, geuka, kisha mkalie mapajani kwa makalio, magoti yamekunjwa. Hapo ndipo uinue macho. Vijana wengi huduwaa wakitazama ringi, halafu huruka juu sana mahali ambapo mpira hauji. Mtupo wa pembeni ukikosa, mara nyingi mpira huangukia upande wa pili, uwahi huko. Na kama mnacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mtupo ukishagusa ringi unaruhusiwa kuupiga mpira hata ukiwa bado juu yake. NBA hilo ni kosa, kwa hiyo usiige kila unachokiona kwenye video.

Ukiweka skrini, yaani ukisimama kumzuia mlinzi asimfuate mwenzako, simama na utulie kabla hujagongwa. Nyonga ikisogea kidogo tu, ni faulo yako, na faulo 2 za robo ya kwanza zinakupeleka benchi. Wapinzani wakiweka skrini, mpigie kelele mwenzako mapema, kushoto au kulia, kisha rudi nyuma hatua mbili tatu, ukae kati ya mpira na ringi, mikono juu. Usirukie danganyo la kwanza.

Usichopaswa kurithi kwake ni mitupo huru, ile ya kupewa baada ya faulo, udhaifu wake wa miaka yote. Senta asiyeifunga huchezewa faulo makusudi, na dakika za mwisho kocha humtoa. Piga 100 kila siku mwisho wa mazoezi, ukiwa umechoka, miwili miwili kama kwenye mechi.