Kura za "hapana" zilizopitisha hoja

SWALI: Mimi ni katibu wa kundi la watu wanaojitolea kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Wengi wetu tuko Nairobi, lakini kura zote tunapigia mtandaoni. Tuko wanachama 240, na katiba yetu inataka angalau nusu wapige kura. Hoja ya kuanza kutoza ada imepita kwa kura 68 dhidi ya 55. Waliopinga wanalalamika kwamba wangenyamaza wangeshinda. Ni kweli? Tufute matokeo?
Katibu, Umoja

JIBU: Ni kweli kabisa, ndugu katibu. Nusu ya 240 ni 120, na kura zilizopigwa ni 123. Wapinzani wanne tu wangekaa kando, zingebaki 119, akidi isingetimia na hoja ingeanguka. Walioshiriki kwa uaminifu ndio walioipitisha hoja wasiyoitaka.

Kasoro hii haiko kwenu peke yenu. Nchini Italia, kura ya maoni ya kufuta sheria haihesabiki mpaka zaidi ya nusu ya wapigakura wajitokeze. Mwaka 2005, ilipopigiwa kura sheria ya uzazi wa kusaidiwa kitaalamu, maaskofu wa Kikatoliki waliwahimiza watu wasiende vituoni. Walijitokeza takriban robo tu, na zoezi likaishia hapo.

Kinachonisumbua zaidi ni usiri. Wapinzani wakishajua kwamba kususia kuna faida, kila anayepiga kura atahesabiwa kuwa ameunga mkono. Na kama mnatumia kura za WhatsApp, ambako jina la kila mtu linaonekana chini ya chaguo lake, mwanachama mpya atashinikizwa hata kabla hajagusa simu.

Dawa ni kuacha kuhesabu waliojitokeza na kuhesabu wanaounga mkono. Debian, mradi wa wanaojitolea kutengeneza mfumo endeshi huria, uliweka utaratibu huo katika katiba yake mwaka 2003: pendekezo huondolewa lisipopata idadi fulani ya wanaolipendelea kuliko kubaki bila uamuzi. Ukilipinga, kura yako haiwezi kulisaidia. Idadi yenyewe hutokana na kipeuo cha pili cha wanachama, nusu yake, mara tatu. Kwa watu 240 ni kura 24 za kuunga mkono. Nusu ya wanachama ni kiwango kikubwa mno kwa kundi la mtandaoni, maana wapo waliojiunga wakapotea na bado majina yao yamo daftarini. Hata Bunge letu la Taifa lenye wabunge 349, akidi yake kikatiba ni 50.

Kwa suala la ada, lakini, 24 ningeziona chache. Fedha na marekebisho ya katiba viwe na kizingiti cha juu. Debian hutaka kura tatu za kuunga mkono kwa kila moja ya kupinga inapobadili katiba yake.

Matokeo msiyafute. Kanuni zilizokuwapo zilifuatwa, na mkizigeuza baada ya kuhesabu, kila atakayeshindwa kesho atadai vivyo hivyo. Rekebisheni kifungu sasa, kabla hoja nyingine haijaletwa, na mkiandike hivi: "Hoja itapita ikiwa waliounga mkono ni wengi kuliko waliopinga, na si chini ya 40." Hiyo 40 mjadiliane wenyewe.