Kisima cha Tajiri

SWALI: Shikamoo Bibi. Kijijini kwetu, mwambao wa Kigoma, tajiri mmoja mwenye mitumbwi mitano ya dagaa alichimba kisima, akafunga pampu ya dizeli. Tukachota bure. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei hadi Agosti 2024, hakununua dizeli, tukarudi ziwani na ndoo. Sasa anadai kila kaya ichange shilingi 5,000 kwa mwezi. Wenzangu wanasema mwenye nacho ndiye alipe. Nilipe au nigome?
– Mwanika dagaa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nimewahi kushika daftari la michango ya maji kule Kasulu, matusi yake nayajua.

Huyo tajiri hakuchimba kwa huruma tu. Wanawe na wavuvi wake wanakunywa maji hayohayo. Mchumi Mmarekani Mancur Olson aliliandika hilo mwaka 1965: penye mmoja anayekihitaji kitu kuliko wenzake wote, yeye hukigharamia na wadogo humdandia. Mlimdandia, wala siwalaumu. Ningekuwepo ningekuja na ndoo mbili. Ila utajiri uleule uliowapa maji ndio uliowakatia. Mitumbwi yake ilipovutwa mchangani, kijiji kizima kilikosa maji.

Kinachonikera mimi ni hiyo 5,000 iliyopangwa barazani kwake. Nani kampa madaraka? Serikali za mitaa zilifutwa 1972, zikarudishwa kwa sheria za 1982, na humo mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu sera za kijiji. Mwambieni mwenyekiti auitishe. Tajiri akikabidhi kisima, iandikwe kwenye muhtasari, kisha mwende RUWASA, wakala wa maji vijijini, ofisi ya wilayani, mkaulizie kuunda chombo chenu cha watumia maji. Asipotaka kukabidhi, basi anauza maji, na mjue hivyo.

Kiwango kiwe kwa ndoo, si kwa kaya. Mjane wa ndoo mbili na mwenye nyumba ya wageni walipe sawa kwa lipi?

Kwa hiyo usigome, ila usilipe bila risiti ya kijiji. Na kama mtakubaliana mchango wa mwezi kwa ajili ya matengenezo, ukusanywe siku za giza, maana dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hailali ziwani, vichanja ni vitupu, na mhazini atakayepita siku hizo ataambulia salamu.