Mjozi mweusi: ujue kabla hujapanda nyanya

Ukipata nyumba yenye uwanja huku Ohio, Indiana au Kentucky, kabla hujashika jembe tazama juu. Mti wa kwanza kuutafuta ni mjozi mweusi, Juglans nigra, ambao majirani watakuambia ni black walnut. Ni mzaliwa wa mashariki mwa Marekani. Mizizi, majani na maganda ya matunda yake yana kemikali iitwayo jugloni, na nyanya haziivumilii: zinanyauka huku udongo una maji ya kutosha, na mkulima anazidi kumwagilia bure.

Majani peke yake yasikutoshe. Kila kikonyo kirefu hubeba majani madogo 15 hadi 23 kwa pande mbili, na lile la nchani mara nyingi halipo. Tatizo ni kwamba Ailanthus, mti wa kutoka China uliojaa kandokando ya barabara, unafanana nao sana kwa mbali. Basi shika jani. La mjozi lina meno madogo ukingo mzima, na ukilifikicha hutoa harufu kali ya viungo, mimi naipenda. La Ailanthus lina ukingo laini, isipokuwa jino moja au mawili karibu na kikonyo, na harufu yake inachefua. Gome la mjozi ni jeusi-jeusi, lenye mifereji mirefu.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote uko ndani ya kitawi. Kipasue kwa urefu kwa kisu: katikati utaona vyumba vidogo vilivyotengwa kwa kuta nyembamba, kama vipandio vya ngazi. Ailanthus hana vyumba hivyo. Kipimo hiki kinafaa hata wakati wa baridi, mti ukiwa mtupu.

Ukishathibitisha, weka nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo mbali, mita 15 au zaidi kutoka kwenye shina. Mti mkubwa mizizi yake inafika mbali kuliko matawi. Nyanya chungu ni za ukoo huohuo, kwa hiyo nazo nazipeleka mbali. Mahindi, maharage, vitunguu na karoti hustahimili. Na kama unafuga farasi, usiwatandikie maranda ya mbao za mjozi bandani, yanawaumiza kwato.

Lakini usiuchukie mti huu, tafadhali. Septemba na Oktoba unaangusha matunda ya kijani ya mviringo. Vaa glavu, maana ganda la nje linatia doa la kahawia lisilotoka mikononi kwa siku nyingi. Ndiyo maana watu hulichemsha kupata rangi ya nguo. Livue, osha kokwa kwenye ndoo, zinazoelea zitupe. Zilizobaki zianike kivulini penye upepo wiki kadhaa, kisha uzivunje kwa nyundo. Ladha yake ni nzito, na kwenye mkate wa ndizi haina mpinzani. Kampuni ya Hammons ya Stockton, Missouri, hununua kokwa za porini kila msimu kupitia vituo vyake vya kumenya, kwa hiyo ziada si lazima ioze.

Mbao zake za kahawia iliyokolea hutengenezewa samani na vitako vya bunduki, na shina nene lililonyooka lina bei. Akija mtu kubisha hodi akitaka kukukatia mti bure, usikubali papo hapo. Mwite kwanza afisa misitu wa jimbo aupime.