Usianze na roboti

Wiki jana hadithi yangu imekataliwa tena, mara ya tatu hii. Mhariri aliniandikia mstari mmoja tu: roboti zako zina uhai kuliko watu wako. Iliniuma, sitaficha. Miezi minane niliamka saa kumi alfajiri kuandika kabla ya kukimbilia matatu. Niliandika Konza, ule mji wa teknolojia wa Kenya, ya mwaka 2090: droni angani, wanadamu waliosahau kuzungumza. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp waliisifu mno. Wangapi waliifungua, Mungu ndiye ajuaye.

Basi wewe unayetaka kuandika hadithi za kubuni za kisayansi za kuonya watu, nisikilize: usianze na mashine. Mwaka 1909, hata televisheni haijafika majumbani, Mwingereza E. M. Forster alitoa hadithi "The Machine Stops", yaani Mtambo Unasimama. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, wanaonana kupitia kisahani kinachong'aa. Mtambo una mambo mengi, lakini mimi nilibaki na Kuno, kijana anayemsihi mamake aje amwone ana kwa ana, na mama anaona ni usumbufu.

Na mimi nilikuwa na hadithi mlangoni! Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, nilikuwa mtaani Pipeline, Nairobi, ghorofa ya tano, simu imebaki na chaji asilimia nne. Nikatoka koridoni nikipapasa ukuta. Mama wa mlango wa pili alikuwa amekaa kwenye kigoda, mshumaa mmoja miguuni. Miaka miwili tumetenganishwa na ukuta, nami nilimjua kwa harufu ya omena tu. Akauzima, akaukata katikati kwa kisu cha jikoni, akanipa nusu.

"Kumbe ni wewe unayekohoa usiku," akasema. "Ulienda hospitali?"

Tuliongea hadi saa saba. Kesho yake nikarudi kuandika Konza na droni zangu. Mjinga mimi! Ndugu yangu, usinifuate huko. Mtafute kwanza mtu anayejua kikohozi chako, ndipo umletee mashine itakayomnyamazisha.

Jumamosi iliyopita nilirudi Pipeline kumsalimia yule mama. Nikabisha. Akafungua kijana nisiyemjua, visikizi masikioni, macho kwenye simu. Kabla sijasema hodi ya pili, alinyoosha mkono apokee chakula alichoagiza.