Boti ya chuma, rangi na umande wa jioni

SWALI: Salaam, Fundi. Naishi kwenye boti nyembamba ya chuma, futi 57, mferejini Birmingham. Mwisho wa Septemba nilipiga rangi ya mafuta ubavu mmoja. Siku ilikuwa kavu, jua kali, nikamaliza saa kumi na moja jioni. Kulipokucha mng'aro ulikuwa umepotea, rangi imefifia na kuwa nyeupe-nyeupe. Jirani ananiambia ningoje hadi Mei. Nirudie sasa au ningoje? Na hali nzuri ya hewa ni ipi hasa?
– Msomaji, Birmingham

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize jirani. Rangi yako imeharibiwa na umande. Anga likiwa wazi usiku, chuma hupoteza joto haraka na kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, ndipo maji yanapotua juu ya rangi ambayo bado haijakauka. Kwa hiyo siku nzuri ya jua mwishoni mwa Septemba huzaa usiku mbaya kwa mpaka rangi.

Unachongoja ni saa za kutosha kati ya umande wa asubuhi na ule wa jioni. Nunua kipimajoto cha kubandika kwenye chuma na kipima unyevu wa hewa. Chuma kiwe juu ya nyuzi 10, unyevu chini ya asilimia 80, na joto la chuma lizidi lile ambalo umande huanza kutua kwa angalau nyuzi 3. Hesabu ya haraka: kila asilimia 5 ya unyevu inayopungua kutoka 100, toa nyuzi 1 kwenye joto la hewa, upate joto ambalo umande huanza kutua. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 70 itaanza kutoa umande kwenye nyuzi 9 hivi. Anza saa nne asubuhi, chuma kikishakauka, na rola iwekwe chini saa nane mchana. Kiangazi unaweza kusogeza hadi saa kumi.

Jua la moja kwa moja nalo ni adui. Chuma kikiwa cha moto, rangi hushika kabla haijajitandaza, na mistari ya brashi hubaki. Paka ubavu ulio kivulini, kisha ukageuze boti pale mfereji ulipopanuliwa kwa kazi hiyo, uhamie ubavu wa pili. Usifunge boti chini ya miti, hasa Mei, utomvu na chavua vitakuharibia. Na jioni kuna visubi. Akitua mmoja kwenye rangi mbichi mwache, ukimtoa siku ya pili kwa msasa laini alama itakuwa ndogo kuliko ya kidole chako.

Ubavu ulioharibika, uache ukauke wiki nzima, usugue kwa msasa namba 400 na maji, kisha Mei upake upya. Tuseme kibanda cha boti kina urefu wa mita 13 na ubavu wenye kimo cha mita moja; lita moja hufunika mita za mraba 12 hivi. Kwa kupaka mara mbili pande zote mbili nunua lita 5. Fanyeni wawili: mmoja apitishe rola ndogo ya sponji kwa upana wa mita moja, mwingine amfuate papo hapo na brashi ya inchi 3, aivute juu kwenda chini mara moja tu. Anayerudi nyuma kurekebisha ndiye anayeleta michirizi.

Miezi hii ya baridi shughulikia kutu, maana haingoji. Kagua chini ya madirisha na kwenye vyuma vya kushikia vya paani, kwangua hadi chuma king'ae, paka praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) mara mbili. Usiishie kwenye andakoti, yaani rangi ya kati inayopakwa kabla ya ile ya mwisho: hufyonza maji kama chaki, na kutu itarudi chini yake. Funika kwa rangi yoyote ya mafuta hata ya bei rahisi, utaisugua Mei. Silikoni ya zamani kando ya madirisha iondoe yote kabla ya msasa, la sivyo msasa utaisambaza na rangi itajikunja vishimo vishimo.

SWALI: Je, nikifunika boti kwa turubai na kuweka jiko la gesi ndani, siwezi kupaka Desemba?

JIBU: Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, nao utatua kwenye chuma baridi. Ukiweza kupata banda kavu lenye joto la umeme, sawa.